Alipokuwa na Miaka Kumi na Miwili: Shajara ya Kitabu Kinachoandaliwa Tanga

Februari

Kazi imeanza. Kitabu kitakuwa cha Kiswahili, cha wasomaji wa darasa la tano hadi la saba, na kitasimulia maisha ya wanawake wa Afrika Mashariki. Mhariri mwenzangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Namwita Dada kwa sababu amenitangulia kwa umri na kwa kazi, naye ndiye atakayesoma kila sura kabla haijafika kwa mchoraji. Mchoraji ni binti kutoka Pangani, mkono wake mwepesi, na anauliza maswali kabla ya kuchora, jambo lililonifanya nimpende tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kuandika chochote tulikusanya vitabu vya aina hii tukavipanga mezani. Vingi vinafanana: ukurasa mmoja mwanamke mmoja, picha yake, na sentensi inayoanza na "mwanamke wa kwanza". Heshima hizo ni za kweli. Anna Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, mwaka 2010. Gertrude Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, kisha mwaka 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Lakini mtoto akimaliza kusoma orodha ya namna hiyo anabaki na vyeo tu. Hajui mtu alifikaje pale. Hajui alifundishwa na nani, alikatazwa na nani, alipoteza nini, na kesho yake aliamka akafanya nini.

Kwa hiyo kila sura itaongozwa na swali moja: huyu alipokuwa na umri wa msomaji wetu, alikuwa anafanya nini? Pale ambapo utoto wake haukuandikwa popote, tutamtafuta msichana mwingine aliyemo ndani ya kisa hicho hicho. Hatutatunga mazungumzo na kuyaweka kinywani mwa mtu aliyeishi kweli. Hilo nimelisema mapema ili lisituletee mabishano baadaye, na Dada ameniunga mkono.

Majina tuliyoanza nayo: Siti binti Saad, Mwana Kupona, Mekatilili wa Menza, Bibi Titi Mohamed, Wangari Maathai na Tegla Loroupe.

Machi

Sura ya Siti imekaa mezani mwezi mzima, na sijutii. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, ndiye aliyeandika wasifu wake, na kwa mtu wa huku kuna furaha ya pekee kufuata nyayo hizo.

Siti, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti ndiye aliyevichukua vyungu kwenda kuviuza, akinadi njiani. Hapo pana jibu la swali letu, tena jibu zuri: alipokuwa mdogo alikuwa anafanya kazi ya sauti. Nilimwomba mchoraji achore kata kichwani, vyungu juu ya kata, shingo iliyonyooka, na mdomo uliofunguka. Rasimu ya kwanza ilionyesha msichana mnyonge anayetazama chini. Tukazungumza. Anayeuza vyungu kwa kunadi hatazami chini, anatazama milango ya watu, anatafuta nani atatoka. Picha ya pili ina msichana anayetaka kuuza, na inaonekana usoni.

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Dada alisita. Aliogopa watoto watacheka, au watamtania mwenzao. Mimi nilitaka jina libaki, na lielezwe bila haraka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pale kisiwani hadi mwaka 1897. Mtoto aliyezaliwa karibu mwaka 1880 katika ukoo uliotoka utumwani alizaliwa jambo hilo likiwa bado halali. Ukiliondoa jina, umemwondolea msomaji nafasi ya kuona umbali ambao mwanamke huyu alikwenda. Tumeliacha, na tumeandika aya mbili za kulieleza, tukizipima neno kwa neno.

Alihamia mjini mwaka 1911. Akapata walimu wa muziki na wa kisomo, akajiunga na wapigaji, akaanza kuimba taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo kwenye majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Watu wa mjini wakamtungia wimbo wa kumsuta: katoka shamba na kaniki, kama si sauti angekula nini? Jibu lake lilikuwa wimbo pia, kwamba hasara ya mtu haiko kwenye sura wala ukoo, iko katika kukosa akili. Watoto wa pwani wanaelewa majibizano ya namna hii bila kufafanuliwa. Wanayasikia kwenye shughuli kila wiki.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake, wakarekodi santuri. Tumeweka mchoro wa santuri na sindano yake, kwa sababu msomaji wa miaka 11 hajawahi kuiona. Sehemu hii niliiandika kwa furaha kubwa kuliko zote: watu wa Unguja wamekusanyika mbele ya duka, mashine inazunguka, na inayotoka ni sauti ya mtu wanayemjua, kwa lugha yao.

Limebaki jambo gumu. Kati ya nyimbo zake mashuhuri kuna ule unaomtaja Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akavuka bahari kukimbilia bara, na walioadhibiwa wakawa mashahidi. Je, wimbo huo uingie kwenye kitabu cha watoto? Nimeamua uingie. Hatuelezi mauaji. Tunaeleza kwamba mwanamke alidhulumiwa, mahakama ikageuka upande usio wake, na Siti akaimba jina la muuaji ili asiyejua kusoma naye apate habari. Ukiliondoa hilo, Siti anakuwa mwenye sauti nzuri tu, na wenye sauti nzuri walikuwa wengi.

Aprili

Mwana Kupona ndiye aliyetugombanisha, ugomvi wa heri.

Aliishi Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa kiongozi wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sultani wa Unguja. Karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia wenye beti 102. Ndani yake kuna dini, adabu, jinsi ya kuishi na watu, na sehemu ndefu kuhusu mke kumtii na kumstarehesha mume.

"Mdogo wangu," Dada aliniambia, "utamsomesha binti wa darasa la sita namna ya kumpepea mume akilala?"

Hoja yake ina uzito. Wasichana wetu wanasikia mawaidha hayo kila siku bila kuhitaji kitabu kipya. Mimi nikamjibu kwamba hatumwandiki Mwana Kupona kwa sababu ya wasia wake juu ya ndoa. Tunamwandika kwa sababu alikuwa mtunzi, na kazi yake imenakiliwa na kusomwa na wanawake wa pwani kwa zaidi ya miaka 150. Na katika beti za mwanzo kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sura: anamwambia binti yake kwamba ameugua mwaka mzima, kisha anamwita asogee, aketi, alete wino na karatasi.

Basi msichana wetu tumempata. Jina lake ni Mwana Hashima. Sura haianzi na mama, inaanza na binti anayekwenda kuchukua wino. Ameitwa ili aandike, maana yake ni kwamba alifundishwa kuandika. Nyumba ya Pate, katikati ya karne ya 19, na ndani yake kuna mwanamke anayetunga na msichana anayeshika kalamu. Ni watoto wangapi wa darasa la sita wanaojua kwamba jambo hilo lilikuwapo?

Kuhusu utii kwa mume, tumekubaliana kuandika wazi: Mwana Kupona alimwusia binti yake kwa kadiri ya dunia aliyoijua, na msomaji ana haki ya kukubali au kukataa sehemu yoyote. Mwisho wa sura tunampa kazi. Kwanza anaelezwa kanuni ya utendi: vipande vinne, kila kimoja mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinashika kina cha utendi mzima. Kisha aandike beti tatu za wasia kwa mtu anayempenda. Dada alipoisoma kazi hiyo akacheka, akasema ataanza yeye kumwandikia mwanawe.

Picha: mchoraji alimchora Mwana Hashima akiandika kuanzia kushoto. Maandishi ya wakati huo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, yanakwenda kutoka kulia, na kalamu ilichongwa kwa unyasi. Akaichora upya, mkono ukiwa upande wa kulia wa karatasi na mstari wa kwanza ukielekea kushoto. Ni jambo dogo la mchoro, lakini watoto wanaotoka madrasa jioni wangelitambua kwa mtazamo mmoja.

Mei

Tumepeleka rasimu tatu darasani. Walimu walitupa vipindi vya mwisho vya siku, ambapo watoto wamechoka, na huo ndio wakati mzuri wa kupima maandishi. Sura inayomshika mtoto saa nane mchana itamshika wakati wowote.

Iliyowashika kuliko zote ni ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wanawadai Wagiriama wa Pwani ya Kenya vijana wa kufanya kazi mashambani na kwingineko, na kodi ya nyumba juu yake. Mekatilili, mjane mtu mzima, alipita vijiji akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na watu walipokusanyika kwa ngoma akawaambia lililomleta. Wanawake na wanaume wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Akakamatwa yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti.

Halafu kuna kisa cha kuku, ambacho husimuliwa Kilifi hadi leo. Mekatilili alikwenda kwenye mkutano na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa, Arthur Champion, achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia: ndivyo itakavyokuwa ukiwachukua vijana wetu. Tumekiandika kwa kusema "husimuliwa", na tumemweleza msomaji tofauti ya kilichoandikwa na maofisa na kilichohifadhiwa na wazee. Watoto hawakupata shida yoyote na tofauti hiyo. Mmoja alisema tu, "Kama bibi anavyosimulia na redio inavyosema," akaendelea kusoma.

Swali lililonipa kazi lilitoka kwa msichana aliyekaa karibu na dirisha: "Mwalimu, njiani alikula nini?" Darasa zima likalishika. Alikula nini, alilala wapi, wanyama je, mito je? Maandishi ya serikali yalijali mahali alipofika, hayakujali tumbo lake. Badala ya kulipita, tulifungua ramani ya Afrika Mashariki ukutani, tukachukua uzi, tukaunyoosha kutoka Kisii hadi Malindi, tukapima kwa kipimo cha ramani. Zaidi ya kilomita 600, tena kwa mstari ulionyooka, bila vilima wala mzunguko wa njia. Mvulana mmoja akahesabu kwa mwendo wa kutoka shuleni hadi nyumbani kwao, ubaoni, kwa chaki, na wenzake wakawa wanamsahihisha. Dakika kumi zote hizo hakuna aliyetazama nje.

Zoezi la uzi limeingia kitabuni kama lilivyo. Swali la msichana yule nalo limeingia, kama swali, pamoja na mwaliko kwa msomaji aorodheshe vitu ambavyo msafiri wa wakati huo angeweza kula katika kila eneo alilopita. Hiyo ni jiografia, tena imeingia kwa mlango mzuri.

Jambo jingine la kuweka kumbukumbu: wavulana walisoma kwa hamu ile ile. Nilikuwa nimeshauriwa niweke jalada la waridi ili "wasichana walitambue". Halitawekwa. Mvulana wa darasa la sita anahitaji kumjua Mekatilili kama anavyohitaji kumjua Kinjekitile wa Vita vya Maji Maji.

Juni

Bibi Titi Mohamed. Hapa ndipo kitabu kilipogusa maisha ya wasomaji wetu kwa karibu zaidi.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma shule miaka michache, na alipovunja ungo akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, kisha akaozwa akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Hilo ndilo jibu la swali letu kwake. Alipokuwa na umri wa wasomaji wetu, alikuwa anakaribia kufungiwa ndani.

Ukisoma hapo bila kuendelea, moyo unazama. Lakini angalia kilichofuata. Alikuwa na sauti, akawa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, wanawake wao wako wapi. Bibi Titi akapewa kazi ya kuwaleta. Hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu kila kikundi kilikuwa tayari na mama mkuu, michango, ratiba, na njia ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba katika jiji zima. Ukimpata mama mkuu mmoja umepata kundi lake lote. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU. Nimetumia kurasa nne kueleza namna hiyo ya kufanya kazi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo vitabu huipita kwa kusema "alihamasisha wanawake". Mtoto akijua alivyofanya, anaweza kuiga hata akitaka kuanzisha klabu ya usafi shuleni.

Baada ya uhuru alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Kisha mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa huru kwa msamaha. Alifariki mwezi Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Msomaji mmoja wa rasimu, mtu mzima na mwenye nia njema, alinishauri niishie kwenye uhuru wa 1961 ili "sura isitie doa". Sikukubali. Mtoto anayepita barabara hiyo akiwa kwenye daladala anastahili kujua kwamba nchi inaweza kumfunga mtu, ikamsamehe, na baadaye ikaliandika jina lake kwenye kibao cha barabara. Watoto wanajua ugomvi na kupatana. Wanavielewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Mwishoni mwa sura hii tumeongeza jina la saba, Rebeca Gyumi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18, na kwa ruhusa ya mahakama hata miaka 14 ilitosha. Rebeca, mwanasheria kijana, alifungua kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo. Miaka 14 ya Bibi Titi na miaka 14 ya sheria ile zimekaa sasa kwenye kurasa zinazotazamana.

Mzazi mmoja aliyekaribishwa kusoma alitaka ukurasa huo uondolewe, akisema mambo ya ndoa si ya watoto. Tulimsikiliza kwa heshima zote, kwa kuwa wasiwasi wake ni wa mzazi. Dada ndiye aliyemjibu, kwa upole: "Mama, tukisema ndoa si ya watoto, tunasema jambo lile lile lililosemwa na mahakama." Mama yule alikaa kimya kidogo, akaomba nakala akamsomee binti yake. Ukurasa umebaki.

Julai

Wangari Maathai ameandikwa sana, hivyo nilijipa sharti la kuanza na kitu kisichojulikana na wengi. Akiwa mtoto Ihithe, Nyeri, alikuwa anakwenda kuchota maji kwenye kijito karibu na mgumo, aina ya mkuyu, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Ndani ya maji aliona mayai ya chura, meusi meupe, yanang'aa, akadhani ni shanga. Akaingiza mikono ayatoe ayavae shingoni, yakamponyoka kila mara. Siku nyingine alikuta viluwiluwi. Aliyesimulia hayo ni yeye mwenyewe, ukubwani, na miti ile ilipokatwa na kijito kikakauka alijua hasa kilichopotea.

Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza nyumbani kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Swali la mtoto kwa mama yake, na mama akakubali. Nimelipa kisa hicho nafasi yake kamili, kwa ajili ya wavulana wenye dada.

Mengine yamekwenda haraka: masomo Marekani, shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, wanawake wanaootesha miche kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika na kulipwa senti kadhaa kwa kila mche uliostawi, mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park hadi mpango ukaachwa, Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Neno lililopendwa na watoto ni "uliostawi". Walifurahi kwamba malipo yalikuwa ya mche uliopona, si wa mche uliopandwa tu. Shule zetu hupanda miti kila msimu wa mvua, na watoto wanajua fika ni mingapi inayobaki Desemba.

Tegla Loroupe ana kurasa chache, kwa sababu kisa chake kinakwenda mbio chenyewe. Mtoto wa Pokot Magharibi aliyekimbia kilomita kama 10 kwenda shule, mwaka 1994 akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda mbio za marathoni za New York, akarudi akashinda tena mwaka 1995. Sura inaishia Rio mwaka 2016, alipoiongoza timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, wanariadha 10. Kule Kigoma, penye kambi za wakimbizi, wako wasomaji watakaoisoma sehemu hiyo kwa macho mengine kabisa.

Agosti

Uchapaji. Kurasa zimetoka 96, ambazo zinagawanyika kwa 16 bila kubaki, hivyo mchapaji hatupi karatasi. Ndani ni nyeusi na nyeupe, jalada la rangi. Nilitamani rangi ndani, lakini bei ingekipandisha kitabu hadi shule za msingi zisikifikie, na mchoraji ametoa jibu zuri kwa mistari mizito na vivuli vya kukwaruza kwa kalamu. Herufi ni kubwa kiasi, nafasi kati ya mistari imeongezwa, kwa sababu madarasa mengi hayana umeme na jioni hukosa mwanga mapema.

Karatasi za ndani zimeshonwa kwa uzi, si gundi peke yake. Kitabu kimoja hapa husomwa na watoto wanne kwenye dawati moja, wawili wakikivuta huku na wawili kule, na kilichobandikwa kwa gundi hakimalizi muhula. Mchapaji alikuwa na mashaka na gharama. Tukapunguza ukubwa wa jalada kidogo, gharama ikarudi mahali pake. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, tumeomba Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala za kuwasilisha kwao tayari zimehesabiwa katika oda.

Septemba

Prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapa, zimerudi. Dada amezisoma kwa rula, mstari kwa mstari, akarekebisha "Giryama" na "Giriama" ziwe moja, na akaongeza majibu ya mazoezi nyuma kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya sabini asiyekuwa na nafasi ya kuyatafuta. Mchoraji ameomba jina lake liwe kwenye jalada la mbele, chini ya letu. Limewekwa pembeni ya letu, kwa ukubwa ule ule.

Watoto wa darasa la majaribio wameshatoa madai ya kitabu cha pili. Wanamtaka Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu mfululizo, na wanamtaka Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye wengi wao wamemsikia nyumbani. Msichana wa dirishani anataka mwanamke fundi, na akasisitiza awe fundi wa magari. Nimeanza kuulizia gereji za Tanga na Muheza. Dada anashughulikia ruhusa za wazazi kwa madarasa mapya ya kupima, maana yale ya mwaka huu yanafanya mtihani wa mwisho na kutawanyika.

Oda ya kwanza inapelekwa kwa mchapaji wiki hii.